Zabibu Lenye Sura Yangu

Jumapili, 16 Novemba

Kesho Wiki ya Machungwa inaanza, na mimi ni zabibu.

Ngoja niandike polepole, tangu mwanzo. Mwezi wa Agosti wenzangu wote wa timu ya chuo walikuwa wanauza majina yao kwa wenye matangazo. Marcellus Tibbs, mkimbiaji wetu hodari, sura yake ilikuwa kwenye tangazo la magari. Trey Vandersloot, anayegombea namba moja na mimi, anauza mafuta ya nywele, kwa sababu ana nywele. Mimi je? Kazi yangu uwanjani, kwenye mpira wetu wa Kimarekani, ni kuinama na kuutupa mpira nyuma katikati ya miguu hadi kwa mpigaji, anayeupiga teke mbali. Basi! Nikiutupa vizuri hakuna anayejua kama nipo. Mashabiki wa timu yetu, Fisimaji, wananijua kwa makalio. Muuza matairi alinikataa. Muuza magodoro alinikataa. Kinyozi alicheka mpaka akamkata mteja.

Bi. Arlene Pruitt hakunikataa. Anatengeneza jamu ya zabibu nje kidogo ya mji. Alinivika duara kubwa la sponji la zambarau, akanipaka zambarau mikono na miguu, akaniambia, cheka mwanangu, fikiria mkate wa moto. Nikacheka. Nikapigwa picha ya bango la tangazo lake. Nikaweka saini. Nilijiona mtu mkubwa! Alinilipa kwa jamu, makreti manne, yako chini ya kitanda. Malipo mengine atatoa bango likishatundikwa.

Agosti ile nani alikuwa anafikiria Novemba?

Jumamosi hii tunacheza na Braddock. Rangi yao ni zambarau, yetu ni chungwa. Kuanzia kesho Kocha Gunderson hataki kuona zambarau mahali popote hapa Ottersby, mjini wala chuoni. Biringanya zinaondolewa mezani. Soksi zinakaguliwa. Mwaka juzi Emmett, mpigaji wetu ninayekaa naye chumba kimoja, alivilia damu jichoni, likawa zambarau. Kocha akamwambia akae ndani mpaka ligeuke njano.

Na Jumamosi hiyo hiyo, baada ya mechi, Kocha atamtaja mchezaji mmoja kati yetu tunaojilipia ada, ambaye timu itamlipia mpaka amalize chuo. Ni mimi au Trey. Nisipopata, Januari sirudi. Baba ameshasema, na Baba harudii neno.

Leo mchana Bi. Pruitt kanipigia simu kwa furaha. Bango linapanda keshokutwa. Barabara kuu, darajani, pale pale Kocha anapopita na pikapu yake kila siku. Mimi nimekwisha.


Jumatatu, 17 Novemba

Nimekwenda kwa Bi. Pruitt kumbembeleza. Nilimwomba asubiri wiki moja tu. Akasema Sikukuu ya Shukrani ni wiki ijayo, watu wananunua jamu sasa, hawanunui wakishashiba. Nikamweleza habari za Braddock. Akasema yeye mpira hajui, anajua zabibu. Akanipa biskuti. Nilikula huku machozi yananilengalenga.

Jioni mkutano wa timu. Kocha kavaa suti ya chungwa, kofia ya chungwa, viatu vya chungwa. Katupa pipani kalamu ya mtu kwa sababu ya kifuniko chake cha zambarau. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema mwenye zambarau moyoni ataijua tu, hata aifiche wapi. Alikuwa ananitazama mimi! Au alikuwa anatazama saa ukutani nyuma yangu. Sijui. Jasho limeshuka mpaka kwenye soksi.

Halafu mkosi. Kocha akamuuliza Emmett kama mguu wake uko tayari. Emmett, yule mlafi, tangu asubuhi anachovya mkate kwenye jamu yangu. Ulimi wake zambarau tupu! Akajibu kwa kuguna, midomo imebanwa. Kocha akauliza tena. Akaguna tena. Kocha akadhani taya limemshika, akampeleka kwa daktari wa timu mwenyewe, kwa mkono wake. Daktari akamwambia fungua. Emmett akakataa kama mtoto. Mwishowe akajifanya anataka kutapika, akakimbilia chooni, akausugua ulimi kwa sabuni.

Karudi chumbani povu linamtoka. Kasema, "Lyle, wewe utatuua. Mwambie Kocha ukweli. Atakukimbiza ngazi za uwanja mpaka ulie, halafu yataisha."

Nimemwambia nitafikiria. Sifikirii. Nimeshapata mpango.


Jumanne, 18 Novemba

Mpango: kulipaka bango rangi ya chungwa. Zabibu linageuka chungwa. Kocha anapita, anaona kijana wake kawa chungwa, anafurahi. Safi!

Duka la rangi halikubakiwa na chungwa ya kawaida. Wiki hii mji mzima unapaka. Kulikuwa na ile ya kuchorea vioo vya maduka tu, ya kuosha na maji. Nikachukua ndoo nzima. Rangi ni rangi.

Nikaazima kizibao cha kung'aa cha mafundi wa barabara. Nilijificha kwenye vichaka vya darajani mpaka watundikaji wakamaliza. Halafu likafunguka lote mbele yangu. Mama yangu! Nilikuwa nimesahau ukubwa. Zabibu kama nyumba, na katikati uso wangu unacheka, meno yote nje. Juu: LYLE HOSTETLER WA FISIMAJI. Chini: UTAMU WA ZABIBU HALISI. Lakini niseme kweli, nilijitazama kidogo. Nimetoka vizuri.

Fundi mmoja akaniuliza mimi nani. Nikasema wa kumalizia. Wakaondoka bila hata kushangaa.

Mimi naogopa kupanda hata kitanda cha juu. Ngazi ya bango ni ya chuma na upepo wa Novemba ulikuwa unaitingisha. Nilipanda nimefumba macho. Nilipaka nimefumba jicho moja. Malori yanapiga honi, mimi nakumbatia chuma na kumwita Mama, naye yuko mbali kabisa. Maneno ya zabibu nikayafunika yote. Uso na jina nikaviacha. Ningefutaje jina langu? Mkataba ni mkataba.

Nikashuka, nikarudi nyuma kutazama.

Chungwa juu ya zambarau haiwi chungwa. Nani alijua? Inakuwa kahawia. Si kahawia ya chokoleti. Ni ile nyingine.

Sasa uso wangu unacheka katikati ya lundo la... siandiki. Nimekimbia.


Jumatano, 19 Novemba

Sikutoka kitandani mpaka Emmett aliponivuta miguu. Kanionyesha simu. Picha ya bango imesambaa Ottersby yote. Nikajua leo ndiyo leo.

Kumbe! Watu wanasema ni Braddock! Kila mwaka wiki hii wale jamaa huja kutuharibia kitu, na sisi huenda kuwaharibia. Mwaka jana waliivika gauni sanamu yetu ya shaba ya fisimaji. Kwa hiyo mji mzima umeamua wenyewe, bila mimi kufungua mdomo: Braddock wamempaka kijana wetu mavi!

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nimepokewa kwa makofi. Vijana ambao hawajui jina langu wamenikumbatia. Kocha kanisimamisha juu ya benchi. Akasema huyu hapa, Hostetler, mtu wa kazi za chini asiyeonekana, na wao ndiye waliyemchagua kumdhalilisha! Sauti ikamkatika. Kocha Gunderson! Mtu asiyelia hata akibanwa kidole na mlango! Akaniuliza kama nina la kusema.

Hapo ndipo ningesema. Emmett alikuwa ananikazia macho. Lakini walikuwa wengi na wote wanapumua kama ng'ombe. Nikasema nimewasamehe. Wakanguruma mpaka makabati yakatikisika.

Wafuasi wangu simuni wamezidi wa Trey. Muuza magodoro kapiga. Kinyozi kapiga. Nimewajibu kwa sauti nzito kidogo kwamba nitaangalia nafasi yangu.

Nafurahi. Hapana, naogopa. Naogopa huku nafurahi.


Alhamisi, 20 Novemba

Bi. Pruitt kaja chuoni mwenyewe na gari lake. Nikafikiri kaja kunishtaki. Akanivuta pembeni ya ukuta, akaninong'oneza kwamba yeye si mjinga, ndoo ya rangi nimeisahau juu ya bango na yeye kaificha. Lakini nisiseme neno! Hajawahi kuuza jamu hivi tangu aolewe. Watu wananunua kwa hasira. Mwandishi wa gazeti kamuuliza bango lilikuwa la nini, yeye kajibu lilikuwa chungwa. Nikamuuliza, jamu ya zabibu ikatangazwa na chungwa? Akasema, "Mwanangu, mtu akiwa na hasira haulizi mambo ya matunda."

Nikamwambia nimepumua kidogo. Akasema nisipumue sana, hali ya hewa inataja mvua Jumamosi. Nikamuuliza mvua inahusu nini. Akapanda gari lake, akaondoka.

Mazoezini Trey kanisogelea. Kaninusa kama mbwa wa polisi. Akasema, "Kaka, mbona una rangi nyuma ya masikio?" Mbele ya watu wote! Nikasema ni mapenzi ya timu. Nimepaka masikio chungwa kuonyesha siogopi.

Halafu Tibbs akasema, "Huyo ndiye mwanaume." Akachukua rangi akapaka ya kwake. Akafuata mwingine. Hadi jioni Ottersby nzima ina masikio ya chungwa. Wapishi. Maprofesa. Mkuu wa chuo kapita na masikio kama karoti. Trey naye kapaka, lakini ananitazama kwa jicho la pembeni. Kaanza kuchunguza, namjua.

Jina langu limekuwa mali.


Ijumaa, 21 Novemba

Balaa! Balaa! Tibbs kakamatwa.

Jana kaendesha gari peke yake mpaka Braddock na ndoo ya rangi, kaimwaga juu ya sanamu ya mwanzilishi wao, kichwani mpaka viatuni. Walinzi wakamdaka. Wamemwachia, lakini ligi imemfungia. Kesho hachezi. Bila Tibbs sisi ni nani? Na kulikuwa na watu wa timu kubwa za kulipwa wanakuja kumtazama yeye. Ndiyo siku aliyokuwa anaingojea tangu utotoni, mwenyewe aliniambia leo.

Kaja chumbani kwetu kunitafuta. Nilidhani anajua, nikaingia kabatini. Emmett kafungua kabati. Tibbs kanikuta katikati ya makoti, kadhani nalia. Akanishika bega. Akasema nisihuzunike, hajutii, kwa sababu mtu akimdharau ndugu yako kazi yako inajulikana. "Nimefanya kwa ajili yako, Hostetler."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vyake. Alikuwa kavaa soksi tofauti, kwa haraka nadhani.

Alipotoka, Emmett hakunitukana hata. Kageukia ukutani. Nilimwambia nitasema baada ya mechi, nikishapata ufadhili. Nikishapata hawawezi kuninyang'anya. Ninaona ni mpango mzuri, lakini roho inaniuma, inaniuma kweli, na nikifumba macho naona zile soksi.


Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Ilianza kipindi cha pili.

Tumefungwa. Si kwa mengi, na hilo ndilo baya zaidi. Tibbs peke yake angetosha kulijaza pengo. Alikaa pembeni mwa uwanja na koti la raia, masikio ya chungwa yanamchuruzika shingoni. Mimi niliinama, nikatupa mipira yangu, yote ikafika salama kwa Emmett. Katikati ya miguu yangu, dunia ikiwa juu chini, nilikuwa naona rangi ya machungwa ikitiririka kutoka kwenye masikio ya watu kwa matone tu ya mvua. Ndipo akili ikanirudia. Rangi ya vioo. Ya kuosha na maji. Darajani.

Nilitaka mechi isiishe. Ikaisha.

Uwanja mzima lazima upite ile barabara. Mimi na Emmett tulikuwa kwenye basi la wachezaji. Kadiri tulivyokaribia daraja nilizidi kuteremka kwenye kiti mpaka nikawa sakafuni. Basi likapunguza mwendo. Nikachungulia kwa jicho moja.

Zabibu. Safi, limeoshwa, linang'aa kwa mvua, la zambarau kuliko nilivyolikumbuka, na mimi katikati nacheka, meno yote nje. UTAMU WA ZABIBU HALISI. Mabasi ya Braddock yalikuwa yameegeshwa chini yake, watu wao wanapiga picha na kucheza.

Mbele yetu pikapu ya Kocha ilikuwa imesimama katikati ya barabara. Taa zinawaka. Hakushuka. Alikaa tu humo ndani.

Ufadhili haukutajwa leo.


Jumapili, 23 Novemba

Kocha kaniita nyumbani kwake. Nilitembea, makusudi, ili nichelewe kufika. Mkewe alinipa supu, sikuweza kuinywa.

Sikufikiri angekuwa mpole. Upole ule ulinitisha kuliko kelele. Kasema amejua. Watu wa Braddock hawawezi kuficha zambarau yao wenyewe, wangeiongeza. Tena mimi masikio yangu yalikuwa na rangi siku mbili kabla ya watu wengine, yeye alidhani ni ugonjwa wa ngozi. Kasema kama ningemjia Jumatatu na zabibu langu angenikimbiza ngazi, angenicheka mpaka Krismasi, na lingeisha. Yeye mwenyewe anaipenda jamu ile. Lakini nilimwacha asimame mbele ya vijana na kuwatia hasira kwa kitu ambacho hakikutokea, na kijana mmoja akaibeba hasira hiyo mpaka Braddock.

Nikalia. Nililia kweli, si mpango.

Akasema basi, mwanangu, bado kuna mlango. Kesho kwenye mkutano nisimame mimi mwenyewe, nimwambie Tibbs machoni: ni mimi. Maneno mawili. Nikifanya hivyo nabaki kwenye timu, na la ufadhili tutalizungumza, kwa sababu mipira yangu haijawahi kupotea hata mmoja. Hatasema yeye kabla yangu.

Maneno mawili! Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Ni mimi. Ni mimi. Emmett kanisikiliza, kanipa mkono. Mara ya kwanza tangu Ijumaa. Leo nitalala.


Jumatatu, 24 Novemba

Nilisimama. Hilo liandikwe. Nilisimama kwa miguu yangu.

Tibbs alikuwa mstari wa mbele. Trey pembeni, tayari anatabasamu. Kocha kavua kofia kaiweka magotini. Nikamtazama Tibbs machoni, nikafungua mdomo kusema ni mimi.

Likatoka, "Niliwaona."

Sijui lilitoka wapi! Nilishangaa pamoja na wao. Nikajaribu kulirudisha lakini ulimi ulikuwa umeshaondoka. Nikasema walikuwa wawili, wa Braddock, waliweka zambarau juu ya chungwa langu Jumamosi ile ile, wakati wa mvua. Mmoja mnene. Mwingine ana masharubu.

Tibbs akainuka. Akasema nimtajie jina tu. Alikuwa anakwenda tena! Alikuwa ameshashika koti!

Kocha akamwambia kaa, mwanangu. Akaniuliza, taratibu kabisa, wakati wa mvua mimi si nilikuwa uwanjani nimeinama? Nikasema ndiyo. Akauliza sasa mwenye masharubu nilimwonaje. Nikasema alikuwa na masharubu makubwa sana.

Emmett akafunika uso kwa mikono. Kocha akamweleza Tibbs yote, mbele yangu, bila kunitazama.

Nilijiandaa kupigwa. Tibbs hakunipiga. Akachukua taulo akaanza kufuta masikio yaliyobaki na chungwa kidogo, kulia, kushoto, mpaka yakawa mekundu. Akaliweka taulo kwenye benchi mbele yangu akatoka. Wengine wakafanya hivyo hivyo, mmoja mmoja. Ningeomba anipige.

Ufadhili kapewa Trey. Kabati langu natakiwa nilisafishe leo.


Jumanne, 25 Novemba

Nimefungasha. Emmett kanisaidia kubeba sanduku, hakusema kitu, mlangoni kasema kwa heri Lyle kwa namna ya mtu anayesema na mgonjwa. Baba yuko njiani na gari. Anadhani anakuja kunichukua kwa ajili ya Shukrani tu. Mama kaoka. Wanangoja habari za ufadhili; Baba kasema hataki kuambiwa simuni, anataka kuisikia kwa mdomo wangu. Alikuwa anacheka alipokuwa akisema hivyo. Baba yangu hacheki.

Naogopa kuliko kule juu ya bango.

Nimefikiri usiku kucha, nimejichunguza bila huruma kama mtu mzima anavyopaswa, na kosa nimeliona. Ni masharubu. Mnene walishamkubali, niliwaona nyusoni. Masharubu ndiyo yaliyozidi. Mtu ukitaka kuaminiwa usipambe.

Kwa hiyo Baba nitamwambia kwa kifupi: goti. La kushoto. Nimeumia, timu imeamua nipumzike, ufadhili utakuja mwakani. Basi, siongezi kitu. Labda daktari, lazima awepo daktari. Daktari mfupi, kutoka Chicago. Mwenye kigugumizi.

Gari la Baba hilo, linaegesha. Nimeshaanza kuchechemea.